Umeambiwa usome wasifu wa marehemu: mwongozo wa kuandika na kusema, kwa mfiwa wa Tanga

Msiba wa kwetu haukosi wasemaji. Mwenyekiti wa mtaa atasema, kiongozi wa dini atasema, mwakilishi wa kazini atasoma salamu za rambirambi, na mshereheshaji atasema kuliko wote. Anayekosekana mara nyingi ni mtu aliyemjua marehemu hasa, akasimama dakika tano na kutaja jambo ambalo huwezi kulihamishia kwenye jeneza jingine. Ukipewa wasifu, kazi yako ndiyo hiyo.

Namwandikia aliyekaa jamvini Makorora au Duga, saa nne usiku, baba mdogo akamjia na kumwambia, "Wewe ndiye uliyesoma, tuandikie historia ya mzee, kesho tunazika." Muda ni mdogo na kichwa kimejaa. Kama una siku mbili tatu, bora zaidi, lakini utaratibu haubadiliki.

Hatua ya 1: Jua utasemea wapi na umepewa muda gani

Kabla ya kuandika neno, uliza. Wasifu wa kanisani, wa nyumbani chini ya turubai, wa makaburini na wa arobaini ni vitu tofauti, na ukiandika kimoja ukakisoma mahali pa kingine utawachosha watu au utakatizwa.

Kwa Waislamu mambo huenda mbio. Aliyefariki alfajiri anaweza kuzikwa baada ya Adhuhuri au Alasiri siku hiyo hiyo. Hapo hakuna nafasi ya hotuba. Msemaji wa familia hupewa dakika moja au mbili, kabla ya swala ya jeneza au baada ya kuzika, na maneno yanayosubiriwa ni matatu: kumwombea marehemu radhi, kutangaza madeni, na kushukuru. Usijaribu kupachika historia ya maisha hapo. Kumtaja maiti kwa wema si jambo geni katika dini. Iko hadithi kwa Bukhari na Muslim, iliyopokewa na Anas, ya jeneza lililopita watu wakalisifu kwa kheri, na Mtume akasema imethibiti. Kinachokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe na kumpamba mtu kwa asiyokuwa nayo. Maneno marefu yahifadhi kwa siku ya hitima au kwa arobaini, ikiwa familia yenu inaifanya, kwa sababu wapo masheikh wasioikubali. Hapo watu wamekula, machozi yamepungua, na ubongo wako umerudi mahali pake.

Binti wa marehemu nimkumbushe jambo moja. Kwa desturi ya pwani wanawake wengi hawafuati jeneza makaburini, kwa hiyo ukimwandikia baba yako maneno ukategemea kuyasema kaburini utabaki nayo mkononi. Yaseme upande wa akina mama siku ya hitima, au mpe kaka yako ayasome kwa jina lako: "Haya ni maneno ya dada yetu mkubwa." Watu husikiliza vizuri sana maneno ya namna hiyo.

Kwa Wakristo siku huwa nyingi kidogo. Mwili huweza kukaa mochwari ya hospitali ya Bombo hadi watoto wafike kutoka Dar au Arusha, na kamati ya msiba hupanga ratiba yenye kipengele cha "wasifu wa marehemu". Hata hivyo kila kanisa lina taratibu zake. Kwa Wakatoliki, Maelekezo Makuu ya Misale ya Kirumi, namba 382, yanasema mahubiri ya Misa ya mazishi yasigeuzwe kuwa hotuba ya kumsifu marehemu. Maneno machache ya kumbukumbu yanaweza kutolewa baada ya sala ya komunyo, kabla ya buriani ya mwisho. Mapadre wengine hupenda wasifu wote usomwe nyumbani. Waanglikana wa upande wa Magila na Muheza, na Walutheri wa Lushoto na Bumbuli, nao wana ratiba zao. Mpigie paroko au mchungaji mwenyewe. Jibu la "nadhani itakuwa sawa" kutoka kwa mwanakamati halitoshi.

Ukijua mahali, uliza dakika. Ukiambiwa "sema tu, hatuna haraka", jipangie tano.

Hatua ya 2: Pata ruhusa ya wakubwa

Wewe ni mwandishi, lakini msemaji wa ukoo huenda ni mwingine. Kabla ya kukusanya habari, kaa na baba mkubwa au baba mdogo, shangazi, na mjomba. Mjomba usimruke, hasa kwenye familia za Kidigo, ambako kwa mila ya zamani urithi ulipitia upande wa mama. Waulize mambo mawili: nani atasoma, na yapi hayasemwi. La pili ndilo zito, na nitalirudia.

Hatua ya 3: Kusanya habari kwa maswali yanayozaa

Ukimwuliza mtu msibani, "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" atakujibu, "Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mcha Mungu." Umetoka mikono mitupu. Badala yake uliza vitu vinavyoshikika. Akikasirika alikuwa akisemaje? Ukimtembelea ghafla ungemkuta anafanya nini? Alikuwa mkali juu ya kitu gani? Nani alikuwa akija kumkopa, na alimjibuje? Mara ya mwisho kukuchekesha ilikuwaje? Kitu gani alikataa katakata kukitupa?

Kaa na daftari na uandike maneno yao kama yalivyotoka, pamoja na Kisambaa, Kibondei au Kidigo chake. Kama mzee alikuwa na kauli yake kwa lugha ya kwao, isome kwa lugha hiyo hiyo kisha endelea. Walio wake watainua vichwa.

Zungukia watu wa pande zote. Ndugu wanamjua wa nyumbani tu. Aliyefanya naye kazi relini au bandarini anamjua mwingine, aliyekaa naye barazani Ngamiani anamjua wa tatu, na mama anayemuuzia maandazi kila asubuhi huenda akakupa kisa kizuri kuliko wote. Watani nao wasikilize. Msibani wao hutania pale ambapo kila mtu kanuna, na katika utani wao huwa kuna ukweli wa marehemu ambao mtoto wake hawezi kuutamka. Usiuibe utani wao ukausema wewe. Kwako utageuka utovu wa adabu. Lakini utakuonyesha mlango.

Mjane mwendee kwa staha, ikiwezekana kupitia kwa dada yake au binti yake, na usimchoshe. Swali moja linatosha: "Mama, ungependa watu wakumbuke nini?" Akijibu neno moja, chukua hilo.

Kuhusu tarehe, usibahatishe. Wazee wetu wengi hawakuandikwa siku waliyozaliwa, na utakuta kitambulisho cha NIDA kinasema mwaka mmoja, cheti cha ubatizo kingine, na shangazi ana wa tatu. Tumia matukio: alikuwa ameshaanza shule nchi ilipopata Uhuru 1961? Alikuwa ameajiriwa mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967? Alikuwa ameoa wakati wa vita vya Kagera, 1978? Ukishindwa, andika "alizaliwa miaka ya 1940" na usonge mbele. Hakuna atakayekulaumu kwa hilo, ila mwaka wa uongo unaofanya mdogo awe mkubwa kwa kaka yake utapigiwa kelele papo hapo.

Hatua ya 4: Chagua jambo moja

Sasa una kurasa nne za daftari. Karibu zote utaziacha. Soma ulichoandika, utaona jambo linalojirudia kwenye midomo ya watu wasiofahamiana. Huyu amesema mama alikuwa akifunga duka kuwahi mgonjwa, yule amesema alilala Bombo siku mbili na mtoto wa jirani, wa tatu amesema alimfulia wakati amejifungua. Jambo lako ni hilo: mama aliyekaa na wagonjwa. Andika sentensi moja juu ya karatasi, kisha kila kisa kisichoisaidia kiweke kando, hata kiwe kitamu vipi.

Tazama tofauti. Huu ni wasifu wa kawaida tunaousikia:

"Marehemu mama yetu alikuwa mtu mwenye upendo, ukarimu na roho ya kujitolea. Alishirikiana na majirani kwa shida na raha. Ameacha pengo lisilozibika."

Na huu ni wa mama yule yule, baada ya daftari:

"Mama alikuwa na mkeka mmoja mwekundu ambao hakuruhusu mtu aulalie nyumbani. Ulikuwa mkeka wa Bombo. Akisikia mtu amelazwa na hana ndugu karibu, anaukunja, anachukua chupa ya chai, anapanda daladala. Tukimwuliza unarudi lini, anasema, 'Mgonjwa atanambia.' Wengine mliopo hapa mmelala kitandani, yeye yuko chini juu ya mkeka huo."

Neno "upendo" halimo, na kila aliyepo ameuona. Yale ya "pengo lisilozibika", "mwamba umeanguka" na "kifo hakina huruma" yaache kwa wanaoandika salamu za taasisi.

Hatua ya 5: Panga maneno

Fungua kwa salamu za mahali, kisha jitambulishe kwa undugu: "Naitwa fulani, mimi ni mtoto wa tatu wa marehemu." Nusu ya waliokuja hawakujui, na wakikaa wanaulizana wewe ni nani hawatasikia chochote.

Kisha historia fupi: kuzaliwa, wazazi, shule, kazi, ndoa. Ifupishe mpaka iishe ndani ya dakika moja. Orodha ya kila kituo cha kazi na kila semina haimsaidii mtu. Kama alihamishwa mara sita, sema "serikali ilimzungusha kutoka Pangani hadi Kigoma" na watu wameelewa.

Halafu jambo lako moja, kwa visa viwili, vitatu vikizidi. Hapa ndipo utumie muda wako mwingi.

Baada ya hapo ugonjwa na kifo, kwa sentensi moja au mbili. "Aliugua kwa muda, akafariki Jumanne alfajiri akiwa na watoto wake" inatosha. Ugonjwa usiutaje kwa jina bila idhini ya familia. Wala usilaumu daktari, jirani wala mkono wa mtu. Hata kama mnayo manung'uniko, maiki ya msibani si mahali pake.

Malizia kwa walioachwa, radhi na madeni, shukrani, na dua au neno la buriani. Shukrani zitaje kwa makundi (hospitali, majirani, kazini, waliotoa usafiri), kwa sababu ukianza kutaja majina utamsahau mmoja, na huyo ndiye atakayekuwa amenunua sanda.

Hatua ya 6: "Ameacha..."

Misiba mingi huchafuka kwenye sentensi hii. Mzee ana mke wa pili Korogwe, au mtoto wa ujanani ambaye mama mkubwa hamtambui, au watoto aliowalea wanaomwita baba. Msomaji anasoma "ameacha watoto wanne", na kijana aliyekaa nyuma anajihesabu kuwa yeye ni wa tano.

Lipelekwe kwenye kikao cha familia kabla. Likikubalika, wataje wote bila vyeo vya "wa ndani" na "wa nje": "ameacha watoto saba." Wake wataje kwa mpangilio wa ndoa zao, kwa heshima ileile. Kikao kikishindwa kuelewana, basi sema "ameacha watoto, wajukuu na vitukuu" bila idadi, na asiwepo anayesikia jina lake limerukwa. Mimi naona njia hii ya mwisho ni bora kuliko ubishi mbele ya jeneza, ingawa wapo wanaoiona ni kukwepa ukweli. Kufichua siri ya marehemu kwenye maiki, hata kwa nia ya haki, ni kumvamia mtu asiyeweza kujibu.

Na asiyekuwa mwema? Wapo akina baba waliotelekeza nyumba, na mtoto wao anaombwa aandike wasifu. Huna haja ya kumsingizia wema. Sema ya kweli yaliyo mema, hata yakiwa mawili: fundi hodari wa ngalawa, mtu asiyekosa swala ya Ijumaa. Ya nyumbani yanyamazie, na ufupishe. Bukhari amepokea kutoka kwa Bi Aisha katazo la kuwatukana wafu, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza.

Hatua ya 7: Maneno ya madeni

Usiyafanye kuwa ya mazoea. Kwa Waislamu deni ni jambo zito; Mtume alikuwa akiuliza kama maiti ana deni kabla ya kumswalia, na sahaba Abu Qatada alijitolea kumlipia mtu deni ili aswaliwe. Sema hivi, polepole:

"Marehemu alikuwa binadamu. Aliyekosewa naye kwa neno au kwa jambo, tunaomba kwa niaba yake amsamehe. Mwenye kumdai, asione haya, amwone kaka yetu mkubwa, huyu hapa. Na ambaye alikuwa anadaiwa na marehemu, naye tunamwomba afanye hivyo hivyo."

Mwonyeshe huyo kaka, asimame watu wamwone. "Waje kwa familia" haimfikishi mtu kwa yeyote.

Hatua ya 8: Lugha, methali na shairi

Andika kama unavyozungumza na mtu mzima unayemheshimu. Sentensi fupi husomeka hata kwa sauti inayotetemeka.

Methali, moja tu, na uipime mara mbili. Huku kwetu watu wamelelewa kwenye mafumbo. Ukisema msibani "fadhila ya punda mashuzi", hata kama ulikuwa na maana nyingine kabisa, mawifi watatu watatazamana na kila mmoja atajua amepigwa kijembe. Chagua methali isiyo na mlengwa.

Kama marehemu alipenda mashairi, beti moja inafaa kuliko aya nzima, ilimradi mizani itimie: nane kwa nane, na vina vikubali. Mfano, kwa mama aliyesomesha watoto kwa vitumbua:

Mama umetangulia, sisi twafuata nyuma,
Moto ulituwashia, jogoo bado kusema,
Shule tukakimbilia, hatujapata kukwama,
Mola tunakulilia, mlaze pahala pema.

Kama hujazoea kutunga, mwombe mzee anayeweza. Beti lenye mizani pungufu Tanga halipiti bila mtu kuguna.

Hatua ya 9: Soma kwa sauti, ukate

Soma ukiwa umesimama, simu ikipima muda. Kwa mwendo wa msiba, maneno mia tano hufika dakika tano au zaidi. Ukipita, kata historia kwanza, kisha shukrani; kisa cha mkeka usikiguse. Mwite mtu mmoja wa familia akusikilize kabla ya siku, afadhali yule mwenye kujua majina.

Mstari utakaokuliza utaujua hapo. Usiufute. Uzoee: usome mara kumi peke yako chumbani, hadi koo lijue njia.

Nakili kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, upande mmoja, kurasa zenye namba, na kila aya imeishia ukurasa huohuo. Simu iache mfukoni. Msiba wenyewe ndio unaofanya simu yako isinyamaze, na utakuwa katikati ya sentensi shemeji akipiga kuuliza makaburi yako wapi. Kama mnazikia karibu na bahari, Raskazone au Tongoni, upepo wa alasiri utakunyang'anya karatasi moja moja, zibane pembeni.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Kula kitu. Wafiwa hushinda na chai tupu, kisha wanaanguka wakiwa wameshika maiki.

Chagua mtu wa akiba, mpe nakala, akae pembeni yako. Ukishindwa kuendelea, unamgusa mkono naye anaanzia ulipoishia, bila tangazo wala msamaha. Kujua kwamba yupo kunawafanya wengi wasimhitaji.

Maiki iweke chini ya kidevu, umbali wa vidole vinne. Ukiilamba, maneno yote yanakuwa mvumo. Jenereta ikiwa karibu, omba isogezwe kabla. Kabla ya sentensi ya kwanza vuta pumzi, tazama mtu mmoja unayempenda, kisha anza polepole kuliko unavyodhani inafaa.

Kilio kikipanda upande wa akina mama, nyamaza. Usishindane nacho kwa kupaza sauti. Kitashuka, utaendelea. Ukilia wewe, simama hivyohivyo, kunywa maji, rudia sentensi kutoka mwanzo. Watu wakicheka kwenye kisa cha kuchekesha, waache wacheke mpaka waishe, wamemkumbuka.

Ukimaliza, kaa. Usiongeze "na la mwisho kabisa".

Hatua ya 11: Karatasi baada ya mazishi

Usiiache juu ya meza ya kamati. Piga nakala, uwape watoto wote, moja iwekwe na nyaraka za nyumbani. Kama kuna arobaini, chukua daftari uongeze visa vilivyokuja msibani, maana wageni wa siku ya tatu huleta habari ambazo hukuzijua.

Linganisha majina na tarehe ulizosoma na zile za cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kabla fundi hajachonga kibao cha kaburi. Familia ikianza mirathi itahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo unaomtaja msimamizi, na ndugu mwenye hasira anaweza kuja na wasifu wako akidai, "Mbona siku ile mlisoma watoto watano?" Kwa hiyo chini ya kila nakala andika tarehe, majina ya waliokaa kwenye kikao kilichoupitisha, na jina la aliyeusoma.